Dakika 80 za Kugawana: Kwa Nini Gadi Mzuri Anasugua Benchi

Jumamosi moja jioni, mechi ya mpira wa kikapu ikiwa imekwisha, mama mmoja wa Sombetini, hapa Arusha, alinisubiri kando ya uwanja mpaka nikamaliza kukusanya karatasi za mezani. Nilimwamkia, akaitikia, kisha hakuzunguka. "Baba, hebu nieleze. Huyu mtoto haachi mazoezi hata siku moja. Raba nimemnunulia jozi ya pili mwaka huu. Mtaani wenzake wote anawafunga. Mbona hapa anaingia dakika tano tu, anatolewa?" Mwanawe, gadi (mchezaji wa nyuma, wa kupandisha mpira au kurusha kutoka mbali) wa miaka 17, alisimama hatua chache nyuma yake, mpira kwapani, macho chini.

Swali hilo naulizwa karibu kila wiki, na anayeuliza si lazima awe mzazi. Mimi ndiye ninayekaa na daftari, naandika nani ameingia dakika ya ngapi, ametoka dakika ya ngapi na alikuwa na nani uwanjani. Kwa hiyo watu huamini jibu lipo kwenye daftari. Lipo kweli, ila si kwa namna wanavyolitarajia. Wengi wanaichukulia namba kwenye timu kama foleni ya dirisha la benki: aliye bora yuko mbele, anayemfuata yuko nyuma yake, na ukijikuta wa nne basi ama hujui mpira ama umeonewa. Kwa gadi mambo hayaendi hivyo. Dakika hazitolewi kama tuzo ya kipaji. Kocha anazitumia kutatua tatizo lililo mbele yake wakati ule, na kijana anayesugua benchi mara nyingi ni mzuri kwelikweli, ila anachokiweza ndicho kilekile anachokiweza mwenzake aliyemtangulia.

Hesabu yenyewe

Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo zinazotumika hapa kwetu, mechi ina robo 4 za dakika 10. Watano uwanjani kwa dakika 40 ni dakika 200 kwa timu nzima. Karatasi ya mechi inabeba majina 12. Ukizigawa sawasawa kila mtu anapata dakika 16 na sekunde 40, na kwenye timu ya ushindani sijamwona kocha anayegawa hivyo.

Katika hizo 200, nafasi za gadi ni mbili. Kuna namba 1, anayepandisha mpira na kupanga shambulizi, na namba 2, ambaye kazi yake kubwa ni kufunga, hasa kutoka mbali. Mbili mara 40 ni dakika 80. Sasa chukua timu ya kawaida ya hapa mjini yenye gadi 6. Wawili ni watu wazima, wamecheza pamoja misimu kadhaa, wanajuana kwa macho; kocha anawapa dakika 30 kila mmoja. Zimebaki 20. Chipukizi wanne wanagawana hizo 20, yaani tano kila mmoja, na hapo kocha hajamchukia mtu wala hajambeba mtu. Siku kocha akiamua kupanga gadi watatu kwa pamoja, dakika zinaongezeka kidogo, lakini zinalipiwa chini ya kikapu: rebaundi, yaani mipira inayorudi mtupo ukikosa, zinakwenda kwa wapinzani, na baada ya dakika tatu au nne mrefu anarudishwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wazazi hawalioni kutoka jukwaani. Mchezaji wa akiba haingii anapotaka. Anaripoti mezani, anakaa kusubiri, na anaingia pale tu mpira unapokufa na saa kusimama. Kikapu kikifungwa, saa inaendelea kutembea, isipokuwa katika dakika 2 za mwisho za robo ya nne na za kila muda wa nyongeza. Nimewahi kuona kijana ameitwa zikiwa zimebaki dakika tatu za robo, akasubiri filimbi isiyolia, na alipoingia zilibaki sekunde 50. Kwenye daftari anaonekana amepewa sekunde 50. Kocha alikuwa amempa dakika tatu.

Dakika tano zina nini ndani yake? Timu ina sekunde 24 za kushambulia, na mashambulizi mengi huisha kabla ya hapo. Tukiweka sekunde 15 kwa kila moja, dakika tano ni mashambulizi 20, yetu 10 na yao 10. Watano wanagawana hayo 10. Kwa hiyo kijana akipata nafasi ya kurusha mara mbili, amepata fungu lake kamili.

Hapo pana mtego ambao makocha wenyewe hunasa. Tuseme gadi mmoja anafunga mitupo 40 katika kila 100, na mwenzake anafunga 30 katika kila 100. Kwenye kikapu hiyo ni tofauti kubwa. Huyu ni mfungaji, yule si mfungaji. Wape kila mmoja mitupo miwili. Yule bora atakosa yote miwili katika jioni 36 kati ya 100. Yule dhaifu atakosa yote miwili katika jioni 49 kati ya 100. Angalia jinsi walivyokaribiana. Zaidi ya theluthi ya siku zake, kijana bora atatoka uwanjani na sifuri, na wanaomtazama watasema bado hajaiva. Kocha anayepanga gadi wake kwa kuangalia nani alifunga ndani ya dakika tano anarusha shilingi hewani.

Kocha makini anaangalia mambo yanayotokea mara nyingi ndani ya hizo dakika tano. Kurusha ni mara mbili, lakini kukaba ni mashambulizi 10. Kila shambulizi kijana anasimama mahali fulani, anageuza shingo au hageuzi, anapaza sauti au ananyamaza, anarudi mbio au anarudi akitembea. Huko kuna ushahidi wa kutosha hata kwa mtu aliyecheza kidogo.

Kwa nini msongamano uko kwa gadi

Kikapu kiko mita 3.05 juu ya ardhi, na urefu haufundishwi. Kijana wa sentimita 195 akionekana anashuka kwenye daladala pale Kilombero, mtu wa kikapu atamsimamisha amuulize anacheza wapi. Hana foleni; anaitwa kabla hajajua kudunda. Lakini vijana wetu wengi wanasimama kati ya sentimita 170 na 180, na hao wote mlango wao ni mmoja, ugadi. Tena kudunda mpira kunajifunzika peke yako. Uwanja wa nyumbani ukiwa umesakafiwa hata mita tatu, mpira mmoja unatosha, hata kikapu hakihitajiki. Kwa sababu hiyo Ngarenaro, Sakina na Kijenge kuna watoto wenye mikono ya ajabu ambao hawajawahi kuchezea timu yoyote.

Jambo ninalotaka kulikalia zaidi ni viwanja vyetu vya mtaani, maana ndiko anakotoka yule kijana wa Sombetini. Viwanja ni vichache na watoto ni wengi. Sheria ya mtaani ni moja na kila mtu anaijua: anayeshinda anabaki, anayefungwa anatoka, na akitoka atakaa nje michezo mitatu minne kabla ya kurudi. Huchezwa kikapu kimoja, nusu uwanja, watatu kwa watatu. Kwa mtoto mwenye akili, sheria hiyo inamfundisha haraka. Mpira ukiwa mkononi mwako, hatima yako iko mkononi mwako. Ukimpa mwenzako akakosa, wote mnakaa nje. Basi anajifunza kuushika mpira, kumpita mtu wake, kufunga mwenyewe. Anakuwa hatari kweli mmoja kwa mmoja.

Sasa mwangalie siku anapoingia kwenye mechi ya uwanja mzima. Uwanja una urefu wa mita 28. Timu ina sekunde 8 za kuvusha mpira upande wa pili, na wapinzani wakijua gadi ni mgeni wanamkaba tangu chini ya kikapu chake, wawili kwa mpigo, pembeni mwa mstari. Kazi hiyo, ambayo ndiyo kazi ya kwanza ya namba 1, hakuifanya hata mara moja mtaani, kwa sababu nusu uwanja hakuna cha kuvusha. Hajawahi kuhesabu sekunde 8 kichwani huku mtu akimvamia. Hajawahi kuinua macho akatafuta mwenzake wa nne na wa tano, kwa sababu kulikuwa na watatu tu. Akiwafunga wote mtaani, mama yake anasema kweli tupu. Lakini amewafunga katika mchezo mwingine, unaofanana na huu kwa mpira na kikapu.

Silaumu mtaa. Mtaa umempa mikono na moyo, na vitu hivyo viwili kocha hawezi kumpa mtu mazoezini kwa saa mbili, tena saa mbili zenyewe za kuanzia saa kumi na nusu hadi giza linapoingia, kwa kuwa viwanja vingi havina taa. Mwezi wa Aprili mvua ikinyesha kutwa, saruji inateleza na hata hizo mbili zinapotea.

Kosa la gadi lina bei yake

Mrefu akiponyokwa na mpira chini ya kikapu cha wapinzani, wapinzani bado wana karibu uwanja mzima wa kukimbia, na wenzake wanne wana nafasi ya kurudi. Gadi akipokonywa mpira juu, karibu na mstari wa kati, nyuma yake hakuna mtu. Mpinzani anakwenda peke yake na kufunga kirahisi. Kosa moja limekula shambulizi letu na limewapa wao pointi 2. Ndiyo maana kocha atamvumilia mrefu wa miaka 17 makosa manne, na gadi wa miaka 17 atamtoa kwa kosa moja. Wengi wanaona ni upendeleo. Ni bei tofauti za makosa tofauti.

Hata hivyo nina neno na makocha wenzetu. Kijana anayejua kwamba akipoteza mpira mmoja anatolewa, hachezi tena. Analinda nafasi yake. Anapokea na kutoa harakaharaka kama mtu aliyeshika kaa la moto, hajaribu pasi ngumu, hamwingilii mtu. Kisha tunasema hana ujasiri. Ukimpa kijana dakika nne, mwambie kabla hajaingia kwamba hizo nne ni zake hata akikosea mara mbili, na ulishike neno lako. Nimeona mikono ya vijana ikitulia kwa kuambiwa hivyo tu.

Faulo nazo hubadilisha hesabu ghafla. Mchezaji akifikisha faulo 5 ametoka kabisa, na timu ikishafikisha faulo 4 katika robo, kila faulo ya ukabaji baada ya hapo inawapa wapinzani mitupo huru 2. Gadi mkubwa akipata faulo ya pili katika robo ya kwanza, kocha humkalisha ili asiharibikiwe mapema. Mlango huo hufunguka bila kubisha hodi. Kijana anayekaa mwisho wa benchi na jaketi limefungwa mpaka shingoni, miguu imepoa na baridi ya Julai ya Arusha, atahitaji dakika mbili ili mwili upate moto, na dakika mbili ni karibu nusu ya alichopewa.

Mpira ni mmoja

Turudi kwenye dakika 80. Gadi asiyejua la kufanya bila mpira mkononi anagombea dakika 40 tu, zile za namba 1, tena dhidi ya nahodha. Anayeweza pia kusimama pembeni akasubiri, akarusha pointi tatu kutoka mita 6.75 bila kudunda, na akamkaba namba 2 wa wapinzani, anagombea zote 80. Hajawa bora kuliko mwenzake. Amepanua tu eneo la kugombea. Hili nalirudia kwa vijana mpaka wanachoka kunisikia.

Kocha hapangi mtu mmoja mmoja, anapanga watu pamoja. Wawili wanaotaka mpira wakati mmoja wanazibana njia. Mmoja mfungaji na mmoja mkabaji wanaachiana nafasi. Kwa hiyo inatokea gadi wa nne kwa ubora anacheza zaidi ya wa tatu, kwa sababu anaendana na wa kwanza. Wa tatu ataona ameonewa. Ukimwekea mbele orodha ya nani alikuwa na nani uwanjani, ataelewa, japo hatafurahi.

Kwa Watanzania, mfano mkubwa wa mambo haya ulitokea usiku mmoja tunaoukumbuka kwa sababu nyingine. Tarehe 25 Juni 2009, katika uteuzi wa chipukizi wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa 2, akaenda Memphis Grizzlies. Sisi tulishangilia jina letu. Lakini waliofuata, kuanzia wa 3 hadi wa 7, wote walikuwa gadi: James Harden, Tyreke Evans, Ricky Rubio, Jonny Flynn na Stephen Curry. Ukifuatilia kilichowapata kwa miaka mitatu tu, umepata darasa zima la kugombea namba.

Harden alikwenda Oklahoma City, ambako Russell Westbrook na Kevin Durant walikuwa wameshaushika mpira. Akawekwa benchi. Lakini benchi yake haikuwa ya kusugua: msimu wa 2011–12 alicheza wastani wa dakika 31, akafunga wastani wa pointi 16.8, akachaguliwa mchezaji bora wa akiba wa NBA. Kocha alimwingiza wakati wenzake wanapumzika, mpira ukawa wake peke yake. Vijana wetu wanapigania kuitwa katika watano wa kwanza kana kwamba hapo ndipo dakika zilipo. Ukiitwa wa kwanza ukatoka dakika ya nne, na mwenzako akaingia dakika ya nne akacheza mpaka mapumziko, nani amecheza?

Minnesota Timberwolves walichagua wa 5 na wa 6, Rubio na Flynn, wote namba 1, mmoja baada ya mwingine. Rubio akabaki Hispania miaka miwili, kwa hiyo Flynn hakuwa na foleni. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi 81, zote akianza. Timu ilishinda mechi 15 tu kati ya 82. Majira ya joto yaliyofuata akafanyiwa upasuaji wa nyonga, hakurudi na kasi yake, na Rubio alipowasili mwaka 2011 Flynn alikuwa ameshauzwa Houston. Baada ya msimu wa 2011–12 hakucheza tena NBA. Namtaja kwa heshima, maana mara nyingi tunawaambia vijana kwamba wakipata dakika tu mengine yatajipa. Yeye alizipata zote.

Curry alifika Golden State na kumkuta Monta Ellis, gadi mdogo wa umbo na mfungaji mkubwa. Ellis alisema waziwazi kabla ya msimu kwamba gadi wawili wadogo hawataweza kushinda pamoja. Watu walimshambulia kwa maneno hayo, lakini swali lake lilikuwa la kikocha kabisa: nani atamkaba namba 2 mrefu? Mwaka 2011 timu ikamchagua Klay Thompson, mrefu zaidi, mrushaji asiyehitaji kudunda. Machi 2012 Ellis akauzwa Milwaukee, Thompson akachukua nafasi, na mwaka 2015 wakawa mabingwa. Ellis hakuwa mchezaji dhaifu. Hakuendana na aliyekuwa pembeni yake.

Na Thabeet wetu? Si gadi, urefu wake ni sentimita 221, lakini alipigwa na hesabu ileile. Mbele yake Memphis alikuwepo Marc Gasol. Februari 2010, akiwa bado katika msimu wake wa kwanza, alipelekwa Dakota Wizards kwenye ligi ya chini ili apate dakika za kucheza. Hapa nyumbani habari ile ilipokewa kama aibu. Mimi naona ule ulikuwa uamuzi sahihi kuliko kumwacha akae, na natamani sisi tungekuwa na pa kumpeleka kijana namna hiyo.

Baki au ondoka

Hilo ndilo tatizo letu halisi. NBA timu ina wachezaji 15 na wengine 3 wenye mikataba ya kwenda na kurudi kati yake na ligi ya maendeleo, kwa hiyo gadi wa sita ana mahali pa kuchezea. Gadi wetu wa sita hana. Msimu ukiisha amecheza jumla ya dakika ambazo mwenzake mkubwa anazicheza katika mechi mbili.

Mawazo yangu, baada ya miaka ya kuandika daftari hili, yanategemea namba ya mtu. Namba 2 anaweza kukua akiwa benchi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ni kurusha, na kurusha kunajengwa alfajiri kabla ya shule, mitupo 200 kwa siku, mdogo wake akimrudishia mpira. Namba 1 hawezi. Kusoma mchezo, kujua lini upunguze mwendo na lini ukimbie, kusikia sauti ya kocha katikati ya kelele, hayo yanakuja kwa kucheza tu. Kijana wa namba 1 mwenye miaka 17 acheze UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa shule yake hata kama timu ni dhaifu na wanafungwa kila siku. Nusu saa akiwa yeye ndiye anayeamua kila kitu itamfaa kuliko dakika tano za kuogopa kwenye timu kubwa. Afanye yote mawili ikiwezekana, na kocha wa klabu asimnunie akichelewa mazoezi kwa ajili ya shule.

Akifika miaka 19 au 20, na kwa misimu miwili mfululizo hajavuka dakika 10 kwa mechi, mimi humwambia aangalie kwingine. Moshi iko kilomita 80 tu, na vijana wetu wengi huenda huko kusoma, Chuo Kikuu cha Ushirika au KCMC. Timu anayoiona ndogo akiwa Arusha inaweza kuwa ndiyo itakayompa mpira mkononi. Tunapokwenda Moshi kucheza tunabeba majina 12, na anayebaki nyumbani karibu kila safari ni gadi. Hakuna usaliti katika kuondoka ukaonekane. Ila aondoke akiwa amejua alikosa nini hapa, asije akalibeba kosa lilelile mpaka Moshi.

Anayebaki, abaki na kazi. Muda wa kukaa benchi ni muda wa kuangalia mtu mmoja: gadi wa wapinzani utakayemkaba ukiingia. Anapita kulia au kushoto? Akibanwa anampa nani? Kijana wa Usa River, ambaye hulazimika kuwahi daladala na hivyo hukosa dakika 20 za mwisho za mazoezi, alijipatia namba kwa njia hiyo hiyo. Aliingia robo ya tatu, akamziba gadi wa wapinzani mkono wa kulia mara nne mfululizo, na kocha alipouliza amejuaje, alisema alikuwa anahesabu tangu mwanzo.

Na siku ya bahati ipo. Januari 2021 Philadelphia walibakiwa na wachezaji 7 tu kwa sababu ya taratibu za corona, na Tyrese Maxey, aliyechaguliwa wa 21 miezi michache kabla, akaanza mechi kwa mara ya kwanza. Alifunga pointi 39 dhidi ya Denver. Watu hulisimulia hilo na kuishia hapo. Wanaruka kilichofuata: wenzake waliporudi, naye alirudi benchi, na ilibidi asubiri mpaka msimu uliofuata, alipokosekana Ben Simmons, ndipo nafasi ikawa yake.

Yule mama wa Sombetini nilimfungulia daftari palepale, taa ya simu ikimulika. Nikamwonyesha mstari wa mwanawe wa wiki iliyotangulia: ameingia robo ya pili, dakika 5, hakurusha hata mpira mmoja. Pembeni nilikuwa nimeandika pointi za timu alipoingia na alipotoka. Tuliingia naye tukiwa nyuma kwa 3, tukatoka tukiongoza kwa 2, na mpinzani aliyekuwa anatusumbua hakufunga kitu katika muda huo.

"Kumbe siku hiyo alicheza vizuri?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, pengine vizuri kuliko siku zote. Akamgeukia mwanawe. "Mbona mimi uliniambia hukufanya chochote?"

Kijana akaweka mpira chini, akaukanyaga kidogo usibingirike, akaanza kumwonyesha mama yake kwa mikono pale alipokuwa amesimama.